Shajara ya mradi: kupima stima ya nyumba ya Kibokoni kwa multimita

Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Chini anakaa shangazi, juu kuna mpangaji, na kila sakafu ina mita yake ya tokeni. Malalamiko ni mawili. Friji ya shangazi inatekenya vidole ukiigusa bila viatu, na soketi ya chumbani inaunguza plagi ya pasi. Nia yangu ni kupima kila soketi ya chini, niandike namba zake, kisha nimpe fundi mwenye leseni orodha ya kasoro badala ya kumwambia tu kwamba stima inasumbua.

Naandika kwa yeyote mwenye multimita, kile chombo cha kupimia volti na mkondo, kwenye droo anayetaka kufanya hivi kwake. Kazi yangu inaishia kwenye soketi na swichi. Kasha la fyuzi silifungui. Mita ya tokeni haiguswi kabisa, kwani waya unaoingia pale hauna swichi yoyote unayoweza kuizima wewe.

3 Mei 2025: Mita ya njano imebaki mezani

Multimita iliyokuwapo nyumbani ni ile ndogo ya njano, DT830D, ya shilingi 650. Kwa betri za rimoti na taa za sola haina neno. Kabla ya kuipeleka ukutani nimeifungua nyuma nione kilichomo. Kuna fyuzi moja ndogo ya kioo, nayo inalinda vipimo vya miliampia peke yake. Tundu la 10A halina fyuzi, na maandishi yaliyo kando ya tundu hilo yanakiri hivyo.

Hapa ndipo mafundi wengi wa nyumbani wanapoumia, kwa hiyo nalieleza vizuri. Waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la volti, mita ina ukinzani mkubwa sana ndani yake na stima inayopita humo ni chembe. Ukiuhamishia kwenye tundu la ampia, ndani kuna kipande cha chuma kinene tu. Ukizitia ncha kwenye soketi hapo, umeunganisha waya wa moto, unaoleta stima, na nyutro, unaoirudisha, kwa mkono wako mwenyewe. Fyuzi ya soketi za nyumba hii ni ya waya, ya ampia 30, na mpaka iyeyuke, mamia ya ampia yatakuwa yameshapita ndani ya kile kiplastiki ulichokishika. Fyuzi ya kioo nayo si ya kutegemewa kwa kishindo hicho. Kioo hupasuka na cheche huendelea kuruka hewani. Fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga ndiyo inayoizima cheche ndani kwa ndani.

Nyaya zake za kupimia ni nyembamba, na ncha ziko wazi urefu wa pingili ya kidole. Ndani ya soketi, urefu huo unatosha kugusa vitu viwili kwa pamoja.

Nikaenda maduka ya vifaa vya umeme upande wa Mwembe Tayari. Nilichokuwa nikitafuta ni mita iliyoandikwa CAT III 600V na yenye fyuzi za kauri. CAT II ni kiwango cha vitu vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni cha nyaya za kudumu za nyumba pamoja na kasha la fyuzi, na CAT IV ni pale stima inapoingilia kutoka nje. Usidhani kiwango hicho kinahusu volti 240 tu. Stima yetu ya volti 240 hufika kilele cha volti 339 katika kila wimbi, tena radi za masika au mashine kubwa ikizimwa mtaani hurusha msukumo mkali wa sekunde ndogo mno kwenye nyaya. Mita ya CAT III 600V hujaribiwa kwa msukumo wa volti 6,000.

Muuzaji wa kwanza alishangaa. "Bosi, hiyo ya mia sita hamsini inapima sawasawa. Mafundi wote wanaichukua."

"Inapima, sikatai. Nawaza siku mtu atakapokosea tundu."

Alinionyesha nyingine iliyochapwa CAT III 1000V kwa herufi kubwa. Nikamwomba afungue kifuniko cha betri, na ndani mkawa na fyuzi ya kioo ileile. Kuchapa CAT III kwenye plastiki ni suala la wino tu. Duka la tatu walikuwa nayo niliyoitaka: fyuzi mbili za kauri, moja kwa kila tundu la ampia, na ncha zina vikofia vinavyoacha milimita 4 tu wazi. Shilingi 3,800. Fyuzi ya akiba 300.

10 Mei 2025: Sifuri za uongo

Kazi ya leo imefanyika mezani, hakuna kilichochomekwa.

Nimeweka mita kwenye ohmu, kipimo cha ukinzani, na kugusanisha ncha: 0.2. Halafu nikazipinda nyaya pale zinapoingia kwenye mshikio na pale zinapoingia kwenye mita, kwani ndipo zinapokatikia. Namba haikuyumba. Nilipofanya hivyohivyo kwa nyaya za mita ya njano, ukinzani uliruka kutoka 0.6 hadi mita ikaonyesha hakuna muunganiko kabisa. Waya mweusi umekatika ndani ya gamba lake, kwa nje hauonekani. Waya huo ungepelekwa kwenye soketi yenye stima, mita ingeandika 0, na mtu angetia bisibisi akijua ni salama.

Kuna sifuri nyingine ya aina hiyo. Ukiiacha mita kwenye volti za betri, ile alama ya mstari mmoja na vidoti chini yake, kisha ukapima soketi, utasoma 0 au karibu yake. Stima ya ukutani hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na mita iliyo upande wa betri huona wastani wake, ambao ni sifuri. Alama ya stima ya nyumba ni ile ya wimbi.

Kwa hiyo kanuni ya mradi huu: kabla ya kuamini kwamba kitu hakina stima, kwanza pima mahali unapojua stima ipo, halafu pima pale unapotaka kugusa, halafu rudi pale pa kwanza upime tena. Kipimo cha tatu ndicho watu wanachokiruka, na ndicho kinachokwambia kwamba mita haikufa katikati ya kazi.

Binamu yangu anayenisaidia aliitumia mita kupima mkondo wa taa ya sola kisha akairudisha kwenye begi waya mwekundu ukiwa bado kwenye 10A. Hakuna aliyeumia, lakini nimeliziba tundu hilo kwa tepu nyeusi. Atakayelihitaji atalazimika kuibandua, na kubandua kunampa mtu nafasi ya kufikiri.

17 Mei 2025: Kisanduku cha kupimia, cha kwanza na cha pili

Soketi zetu za pini tatu zina vilango vya plastiki ndani. Pini ndefu ya athi, yaani ya waya unaoshuka ardhini kwa usalama, ndiyo inayovifungua. Kila mtu wa Mombasa amewahi kuona mtu akichokoa tundu la juu kwa kalamu ili aingize chaja ya pini mbili. Kupima kwa mtindo huo kunataka mikono mitatu: wa kalamu, wa ncha nyekundu na wa ncha nyeusi, na kwa joto hili mikono yenyewe imelowa jasho. Ngozi yenye jasho hupitisha stima kwa wepesi zaidi. Takriban miliampia 10 zinatosha kumfanya mtu ashindwe kuachia alichokishika.

Badala yake nimetengeneza kisanduku: plagi ya 13A iliyotiwa fyuzi ya 3A, waya wa nyuzi tatu urefu wa mita moja, na kijisanduku cha plastiki ambacho ndani yake nyuzi zinafungwa kwenye konekta ya skrubu. Kwenye kifuniko kuna matundu matatu, kila moja juu ya skrubu yake. Ncha ya mita inaingia tunduni na kugusa kichwa cha skrubu. Hakuna shaba inayofikiwa na kidole.

Cha kwanza hakikufaa, kwa sababu mbili. Konekta ilikuwa ya njia tatu zilizobanana, na matundu niliyatoboa kwa keekee ya milimita 8. Kabla ya kukichomeka niliweka mita kwenye mlio wa muunganiko, nikaingiza ncha moja tu kwenye tundu la waya wa moto na kuichezesha. Ilitoka kwenye skrubu ya waya wa moto ikaangukia ya nyutro, na njiani ikazigusa zote mbili. Pili, nilipovuta waya kwa nguvu kidogo, uzi wa athi ulichomoka kwenye skrubu. Kisanduku ambacho athi yake huchomoka kitaihukumu kila soketi kwamba haina athi.

Cha pili: konekta ya njia tano, natumia ya kwanza, ya tatu na ya tano, zilizo katikati ziko tupu. Matundu ni ya milimita 5. Waya unapita kwenye glandi ya plastiki inayoubana. Nimeuning'iniza mfuko wa unga wa kilo mbili kwenye waya huo, haukusogea. Halafu nikahakiki kwa ohmu kwamba kila tundu limeungana na pini yake na halijaungana na jirani yake.

Gharama ya cha pili ni 490 kwa jumla: plagi 150, fyuzi ya 3A 20, waya 100, kisanduku 120, konekta 60, glandi 40. Ongeza 120 za kisanduku cha kwanza kilichoharibika.

Kuhusu hiyo fyuzi ya 3A: fyuzi za plagi zetu za pini tatu ni za kauri zenye mchanga, zimeundwa kukata hadi ampia 6,000. Kwa bei ya shilingi 20 sijui ulinzi mwingine wa rahisi kiasi hicho.

Jinsi ya kukitumia: swichi ya soketi ikiwa imezimwa, chomeka. Ncha nyeusi iingie kwanza, nyekundu ya mwisho. Washa. Soma. Zima, kisha toa nyekundu kwanza. Viatu vya raba miguuni, na sakafu isiwe imetoka kupigwa deki.

24 Mei 2025: Namba za kwanza

Kwenye kila soketi vipimo ni vitatu: waya wa moto na nyutro, waya wa moto na athi, nyutro na athi. Nyumba iliyo sawa hukupa 240 hivi, 240 hivi, na volti moja au mbili.

Sebuleni: 238, 122, 118. Jikoni: 238, 121, 117. Chumbani kwa shangazi: 238, 119, 120. Zote zinafanana.

Kwa kuwa kasoro iko sawa kila mahali, chanzo hakiko kwenye soketi. Kiko kule zinakokutana. Na 122 na 118 ukizijumlisha unapata 240: athi ya nyumba nzima imening'inia katikati ya waya wa moto na nyutro, haijashika ardhi. Vifaa kama televisheni, mashine ya kufulia na friji za kisasa vina vichujio ndani, vinavyovujisha stima kidogo sana kutoka kwenye waya wa moto na kutoka kwenye nyutro kwenda kwenye athi. Athi ikishika ardhi, uvujaji huo unashuka chini bila mtu kujua. Ikiwa imekatika, bati la friji linakaa kwenye volti mia na ushei na kumngoja mtu mwenye miguu mitupu. Nilipochomoa vifaa vyote, namba za athi zikaanza kutangatanga, mara volti 30, mara volti 45. Nilipochomeka televisheni tu, zikarudi pale juu.

Fundi aliyekuja mwezi uliopita alipima mahali hapohapo kwa mita yake ndogo, akapata 60 kati ya nyutro na athi, akasema ni kawaida. Hakudanganya kuhusu hiyo 60. Uvujaji ule ni dhaifu sana, na mita ya bei nafuu yenye ukinzani mdogo wa ndani inaulemea, kwa hiyo volti zinashuka. Mita yangu ina megaohmu 10, hailemei kitu. Namba mbili tofauti kwenye soketi moja ni dalili tosha kwamba pale hapana muunganiko imara.

Onyo kwa atakayeniiga. Kuna watu hujaribu athi kwa kufunga bulbu kati ya waya wa moto na athi waone kama itawaka. Athi ikiwa imekatika, bulbu hiyo inapeleka stima kamili kwenye bati la friji, la mashine ya kufulia na la kila kitu chenye pini ya athi nyumbani. Usifanye. Pia usitosheke na kuona 240 kati ya waya wa moto na athi ukasema athi ni nzuri. Mita haivuti mkondo, kwa hiyo hata athi iliyoshikilia uzi mmoja wenye kutu itakupa 240 safi. Ubora wa athi unapimwa kwa chombo chake maalumu, nacho anacho fundi mwenye leseni.

Soketi ya pasi ni ya matundu mawili, kwa hiyo kisanduku kimekaa upande mmoja na pasi ya wati 2,000 upande wa pili. Bila pasi 238. Pasi ikiwaka, 221. Sebuleni pasi hiyohiyo iliishusha kutoka 238 hadi 234 tu. Kwa hiyo volti 13 zinapotelea chumbani, kwenye mkondo wa karibu ampia 8. Hizo ni wati 100 za joto, nyuma ya kifuniko cha plastiki, kando ya pazia. Nimeifunga kwa tepu, na shangazi ameambiwa apige pasi sebuleni.

31 Mei 2025: Swichi ya ngazi

Nilitaka kufungua soketi ya pasi na swichi ya taa ya ngazini nione hali ya skrubu. Asubuhi shangazi akaniambia, "Mwanangu, tokeni zimekwisha, si ufanye sasa hivi kabla sijanunua?"

"La, shangazi. Tokeni kwisha si kuzima."

Mita ikikosa tokeni, stima inarudi sekunde ileile mtu anapobonyeza namba ya mwisho, na aliyeko kwenye kibodi hajui mkono wangu uko wapi. Hali kadhalika stima ya mtaa ikipotea. Tumesubiri akanunua, nikapima stima ipo, nikazima meni swichi (swichi kuu) ya chini, nikabandika karatasi juu yake.

Soketi ya pasi ilijaribiwa kwa kanuni ya mara tatu, na kwa jozi zote tatu za nyaya. Pa kuhakikishia mita ni soketi ya mpangaji wa juu, dada mmoja mwalimu, aliyeturuhusu. Ndani nikaona nilichotarajia: skrubu ya waya wa moto ilikuwa imelegea, shaba imegeuka kijani kwa chumvi ya bahari na plastiki kuzunguka hapo imekuwa kahawia. Mji wa Kale hewa yenyewe ina chumvi, na kusi ikivuma hupenya kila mwanya. Soketi hii haikazwi tena, inabadilishwa.

Kwenye swichi ya ngazi ndipo mambo yalipobadilika. Kalamu ya kulia, ile inayohisi stima bila kugusa, ililia kabla sijamaliza skrubu ya kwanza. Mita kati ya skrubu mbili za swichi ikaonyesha 91. Meni ya chini imezimwa.

Namba kama 91 ina kishawishi. Waya usiounganishwa popote, ukilala kando ya waya wenye stima, hubeba volti hewa kwa ukaribu tu, na mita ya megaohmu 10 huzionyesha kama za kweli. Waya wa feni ya zamani darini kwa shangazi ulinionyesha 70 hivi hivi, nayo ilitoweka mara tu nilipochomoa kilichokuwa kikipita kando yake. Lakini mpaka chanzo kijulikane, volti hewa na volti za kuua zinaandikwa kwa tarakimu zilezile. Nikarudisha kifuniko, nikamwomba dada wa juu azime meni yake dakika moja. Kalamu ikanyamaza, mita ikashuka hadi 0. Akawasha, zikarudi zote mbili. Taa ya ngazi inakula stima ya juu, wala si ya chini. Kwa nini 91 badala ya 238, leo sina jibu, nimeliandika kwenye orodha ya fundi.

Swichi hiyo haiguswi tena mpaka meni zote mbili ziwe chini.

14 Juni 2025: Athi

Baada ya Idi amekuja fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati nchini), mzee wa makamo aliyesoma karatasi yangu ya namba akiwa amesimama, kisha akaenda moja kwa moja nje, nyuma ya tangi la maji. Kifuniko cha shimo la athi kilikuwa kimefukiwa na saruji ya ukarabati fulani. Alipokipasua, klempu inayoshika waya kwenye rodi ya ardhini ilikuwa imeliwa na chumvi. Alishika waya kwa vidole viwili ukamjia mkononi.

"Yakhe, hii haikuwa athi. Hii ilikuwa pambo."

Chombo chake kilipima rodi ya zamani kikapita mwisho wa kipimo, zaidi ya ohmu 2,000. Chini ni mwamba wa matumbawe, rodi moja fupi haifiki kwenye unyevu. Ametia mbili mpya, umbali kati yake ukiwa mrefu kuliko rodi yenyewe, akaziunganisha. Ohmu 38.

Nikamuuliza kama 38 inatosha. Akanipigia hesabu palepale: volti 240 kwa ohmu 38 ni ampia 6 na kitu. Waya wa moto ukigusa bati la friji, ampia 6 hizo hazitayeyusha kamwe fyuzi ya ampia 30, na bati litakaa na stima siku nzima. Ndiyo maana amefunga RCD ya miliampia 30. Hiyo hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 inakata ndani ya sehemu ya sekunde. Kwa RCD hiyo, ohmu 38 ni nafuu tele.

Rodi mbili 3,200, klempu 300, waya wa athi 900, RCD 3,200, ufundi 5,000. Jumla 12,600.

Nikapima tena kwa kisanduku. Sebuleni: 239, 239, 1.2. Jikoni hali hiyohiyo. Friji haitekenyi. Lakini chumbani kwa shangazi na kwenye korido: 239, 1.3, 239. Yaani waya wa moto na nyutro zimebadilishana mahali. Hili lilikuwapo siku zote, ila athi ilipokuwa imening'inia katikati, pande zote mbili zilisoma 120 na kasoro ikajificha. Kipimo cha waya wa moto na nyutro peke yake hakiwezi kuliona, maana ukizigeuza ncha bado ni 239. Vifaa navyo vinafanya kazi kama kawaida, kumbe swichi inakata nyutro na fyuzi ya plagi imekaa upande usiofaa.

Kwa hiyo anayeifuata shajara hii: athi ikitengenezwa, rudia vipimo vyote kuanzia soketi ya kwanza. Karatasi ya zamani itupe.

Usiku wa siku hiyo RCD ilikata. Ikawashwa, ikakaa, ikakata tena.

21 Juni 2025: RCD na 91

Dada wa juu ndiye aliyegundua. Ikikata, huwa ni pale anapowasha taa ya ngazi.

Fundi amerudi leo, meni zote mbili chini, akafuatilia nyaya. Taa ya ngazi ilikuwa inachukua waya wa moto juu na nyutro chini. Mtu alitaka kuokoa mita chache za waya. Bulbu ya wati 9 inavuta angalau miliampia 37. Mkondo huo unatoka mita ya juu na kurudi kupitia nyutro ya chini, RCD inaona kitu kinachorudi bila kwenda, nayo inakata kama ilivyofundishwa.

Hapo ndipo 91 ilipoeleweka. Meni ya chini inakata waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Ilipozimwa, nyutro ya bulbu ikabaki inaelea pamoja na nyaya zote za chini, na mita ikawa inapima stima kamili ya juu dhidi ya kitu kisichoshika popote. Nusu ya namba ilikuwa ya kweli na nusu ya hewa.

Na kuna baya zaidi. Mtu angewasha taa ile ya ngazi huku meni ya chini imezimwa, stima ya juu ingepita kwenye bulbu na kuingia nyutro za soketi zote za chini. Vifaa vilivyochomekwa vingeipeleka hadi upande wa waya wa moto, pande zote mbili zikawa na volti zilezile, na mita kati yake ingeandika 0. Tarehe 31 Mei niliipima soketi ya pasi taa ya ngazi ikiwa imezimwa. Tangu leo napima pia dhidi ya athi iliyothibitishwa, sebuleni na jikoni kwanza, ndipo nashika bisibisi.

Nyutro ya taa imehamishiwa juu. RCD haijakata tena, taa ikiwashwa na kuzimwa mara nyingi mfululizo.

Soketi mbili zilizogeuzwa: kipande hicho cha nyumba kiliongezwa baadaye. Nyaya za zamani ni nyekundu na nyeusi, za kuongeza ni kahawia na buluu, na aliyeziunga ndani ya dari alifunga nyekundu kwa buluu, yaani wa moto kwa nyutro. Fundi ameunga upya, na ametia soketi mpya chumbani na koridoni. Soketi 700, ufundi 1,500.

Vipimo vya mwisho vya chini, saa nne asubuhi: kila soketi 237 hadi 239 kwa nyutro, vivyo hivyo kwa athi, na nyutro na athi haizidi 1.6. Chumbani pasi ikiwaka: 234. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukipika na feni zikizunguka, sebuleni 221 hata bila pasi. Hiyo si ya nyumba, inashuka kwa kila soketi kwa pamoja.

Jumla ya fedha tangu mwanzo: mita na fyuzi ya akiba 4,100, visanduku 610, athi na RCD 12,600, soketi na nyutro 2,200. Shilingi 19,510.

Iliyobaki ni sakafu ya juu. Ina kasha la fyuzi za waya na haina RCD, na waya wake wa athi unashuka kwenye rodi hizohizo mpya. Dada mwalimu amekubali ipimwe shule zikifungwa. Kisanduku kiko tayari, na waya mweusi wa mita ya njano nimeukata kwa plaizi asije mtu akautumia.